Waokoaji wetu wanaugua, nasi twawaita walevi

KATIKA kliniki za Thika na Ruiru kuna mgonjwa ambaye kila daktari amekwisha kukutana naye. Ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, au arobaini, mwenye ajira na mwili wa nguvu, na analalamikia tumbo. Anasema ana vidonda vya tumbo. Amepimwa, amepewa dawa za kupunguza asidi, amepewa na za kuua viini, na bado amerudi. Ukimwuliza usingizi u vipi, anacheka. Ukimwuliza pombe anakunywa kiasi gani, anatazama mlango. Kisha ukimwuliza anafanya kazi gani, anakujibu kwa maneno mawili matatu: naendesha ambulensi, niko zimamoto, niko trafiki, nafanya kazi mochari.

Jibu hilo la mwisho ndilo lenye ugonjwa. Tumbo ni tarishi tu.

Sisemi kwamba kila mwenye kiungulia ana kiwewe. Wapo wenye vidonda vya kweli, na wapo wanaoamkia chai ya rangi na sigara wakashangaa tumbo linawaka. Lakini kwa miaka ambayo nimewatibu watu wa eneo hili, nimeona mengi ya kunitosha kusema hadharani kwamba watu tunaowategemea watuchomoe kwenye mabati ya matatu iliyopinduka wanaugua maradhi yanayojulikana, yenye jina na yenye tiba. Waajiri wao, jamaa zao na hata baadhi ya madaktari wenzangu huyaita ulevi, ukali, uvivu, au mkono wa mtu.

Kwa Kiswahili twaweza kuyaita dhiki ya baada ya kiwewe. Chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani kiliyaingiza katika mwongozo wake rasmi mwaka wa 1980, baada ya wanajeshi wa nchi hiyo kurudi kutoka Vietnam wakiwa wazima wa viungo na wabovu wa usingizi. Hata hivyo, hayakuanza hapo. Mnamo 1915, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya askari waliotetemeka, waliopoteza kumbukumbu na hisi zao baada ya makombora kulipuka karibu nao. Wakubwa wao wengi waliona woga tu. Jeshi la Uingereza liliwapiga risasi mamia ya askari wake lenyewe kwa makosa kama vile kutoroka na woga, na serikali ya nchi hiyo haikuwasamehe rasmi hadi mwaka wa 2006. Kumwita mgonjwa mwoga ni kosa la zamani, nasi tumelirithi bila kulipa ushuru.

Barabara na matimbo

Msomaji asiyeishi huku huenda akajiuliza kwa nini nataja Thika na Ruiru. Barabara Kuu ya Thika, ile iliyokamilika mwaka wa 2012, ina urefu wa kilomita hamsini hivi kutoka Nairobi, na kila anayeitumia anajua jinsi magari yanavyoruka usiku kutoka Githurai, kupita Kimbo na Ruiru, kuteremka Juja hadi Thika. Kuna watu wanaovuka barabara hiyo kwa miguu hatua chache kutoka kwenye daraja la wapita njia. Kuna trela zinazotoka upande wa Garissa na malori ya mawe yanayotoka kwenye matimbo ya Juja na Ruiru. Na matimbo yenyewe huporomokea wachimbaji, au yakiachwa hujaa maji ya mvua na watoto huingia kuogelea. Ongeza viwanda vya Thika na boila zake, mitaa ya mabati kama Kiandutu ambamo moto ukishika nyumba moja hauulizi ya pili ni ya nani, na majumba ya kupangisha ya Ruiru yaliyopandishwa ghorofa juu ya ghorofa, kila jiko likiwa na mtungi wa gesi. Mnamo Septemba 2022, jengo lililokuwa likijengwa Kirigiti, papa hapa Kiambu, liliporomoka na kuua watu.

Kote nchini, kwa hesabu za halmashauri ya usalama barabarani NTSA, zaidi ya watu 4,000 walifariki barabarani katika mwaka wa 2024 pekee. Gazeti huhesabu maiti. Halihesabu walioziokota. Kila mmoja wa wale 4,000 alishikwa na mikono ya watu kadhaa: mwendeshaji wa bodaboda aliyefika kwanza, polisi aliyepima barabara, mhudumu wa ambulensi, muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali ya Thika Level 5 au kwingineko, na mwishowe yule wa mochari anayemwosha na kumshona ili jamaa waweze kumtazama usoni. Huyu wa mwisho hata salamu za mkono hupewa kwa shida.

Ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi

Akili ya kawaida huhifadhi tukio kama mtu anavyoweka karatasi kwenye faili: lina tarehe, lina mahali, limekwisha. Tukio la kutisha mno laweza kukosa kuhifadhiwa hivyo. Wakati wa hatari, mwili humwaga homoni za kumtayarisha mtu kupigana au kukimbia, na sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu huandika kila kitu kwa wino mzito: harufu, mlio, rangi ya kiatu cha mtoto. Sehemu inayopaswa kuweka tarehe na mpangilio huachwa nyuma. Matokeo yake ni kumbukumbu isiyojua kwamba imekuwa ya jana. Inaporudi hairudi kama hadithi. Hutokea upya, na moyo hupiga, na jasho hutoka, na mtu yuko kitandani kwake Makongeni saa nane za usiku akinusa petroli.

Dalili zake zaja kwa makundi. Kuna kurudiwa na tukio, kwa jinamizi au mchana kweupe. Kuna kukwepa: mtu hapiti tena mahali fulani, hazungumzii kazi, anabadili mazungumzo. Kuna moyo kufa ganzi, asifurahie harusi wala asilie matangani. Na kuna kuwa macho daima: kushtuka mlango ukibamizwa, kukaa hotelini mgongo ukiwa ukutani, kumfokea mtoto aliyeangusha kikombe. Dalili hizi zikiendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu kazi au nyumba, hapo ndipo twasema ni ugonjwa. Kabla ya hapo aghalabu ni mwili unaojitahidi kupona, na wengi hupona wenyewe.

Nitoe mfano mmoja, ambao nimeubadilisha kiasi ili mwenyewe asijulikane. Mzimamoto mmoja aliletwa na mkewe kwa sababu alikuwa ameacha kula nyama. Si nyama kwa jumla, nyama choma. Kwetu Kiambu, mwanamume anayekaa kando wakati mbuzi anakatwa kwenye ruracio huonekana, na wazee walikuwa wameanza kuuliza kama ameokoka, ana maradhi ya miguu, au anawadharau wakwe. Ukweli ni kwamba alikuwa amewatoa watu kwenye nyumba iliyoungua, na tangu siku hiyo harufu ya mafuta yakidondokea makaa ilikuwa ikimrudisha mlangoni pa nyumba ile. Miezi saba alikuwa hajamwambia mtu. Mkewe alijua tu kwamba analala kochini na viatu miguuni.

Si wote wanaougua, na ni vyema niseme hivyo maana wapo wanaotaka kumfanya kila mwokoaji kuwa mgonjwa. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka wa 2012, uliona kwamba waokoaji wapatao mmoja kati ya kumi huwa na ugonjwa huu, na kwamba wahudumu wa ambulensi huathirika zaidi ya wazimamoto na polisi. Baada ya bomu la Oklahoma City, Marekani, mwaka wa 1995, watafiti walipata ugonjwa huu kwa asilimia 13 ya wazimamoto walioshiriki uokoaji, ilhali kwa wanaume waliokuwa waathiriwa wa mlipuko wenyewe ilikuwa asilimia 23. Mafunzo, kuichagua kazi na kufanya kazi na wenzako unaowaamini huonekana kumkinga mtu. Sasa mfikirie mwendeshaji bodaboda wa Kihunguro, ambaye hakufunzwa wala hakuichagua kazi hiyo. Alikuwa akisubiri abiria tu, na gari likabingirika mbele yake.

Hapa lazima nitaje jambo linalonikera. Ambulensi au gari la zimamoto likichelewa, au likifika tangi likiwa halina maji ya kutosha, umati huwarushia wazimamoto matusi na wakati mwingine mawe. Waliochelewesha gari ni wale waliokosa kulinunulia mafuta au kulitengeneza, nao hawako pale. Anayepigwa ni kijana mwenye kofia ya chuma. Mtu aweza kustahimili kuona kifo. Kuona kifo ambacho angekizuia kama angekuwa na mpira wa maji usiotoboka, kisha akaitwa mwuaji, hilo humla ndani kwa namna nyingine kabisa.

Tulijifunza nini mwaka wa 1998?

Kenya haiwezi kudai kwamba haijui habari hizi. Mnamo Agosti 7, 1998, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu 213 walifariki na maelfu wakajeruhiwa. Jumba la Ufundi liliporomoka lote. Waliofika kwanza hawakuwa na mitambo. Walikuwa wapita njia, makarani, wachuuzi na askari waliochimba vifusi kwa mikono mitupu. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilifuatilia habari za Rose Wanjiku, aliyekuwa akisikika kutoka chini ya vifusi hivyo huku waokoaji wetu na wale waliotoka Israeli wakimtafuta. Alifariki kabla hawajamfikia. Wenye umri wangu twakumbuka jina lake. Ni nani aliyeuliza habari za wale waliokuwa wakizungumza naye?

Kwa kweli, wapo waliouliza. Dkt Frank Njenga, daktari wa maradhi ya akili, na wenzake waliandaa huduma za ushauri nasaha na wakakusanya majibu ya Wakenya 2,883 katika miezi ya kwanza baada ya mlipuko. Waliyachapisha mwaka wa 2004 katika jarida la Uingereza. Asilimia 35 ya waliojibu walikuwa na dalili zinazokaribiana na dhiki ya baada ya kiwewe. Hao hawakuwa sampuli ya nchi nzima, na wengi walikuwa karibu na mkasa, kwa hiyo tusiitumie takwimu hiyo ovyo. Lililonigusa zaidi katika ripoti hiyo ni orodha ya mambo yaliyoandamana na ugonjwa. Kulikuwa na kujeruhiwa, kuuona mlipuko, kufiwa na kupata shida za fedha baadaye. Na kulikuwa na hili: kukosa kumweleza rafiki.

Hebu lisome tena hilo, halafu ufikirie jinsi tunavyowalea wavulana wetu.

Tangu hapo tumekuwa na moto wa bomba la mafuta la Sinai mwaka wa 2011, Westgate 2013, chuo kikuu cha Garissa 2015, jengo la Huruma 2016, na bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri mwaka wa 2024, ambapo wavulana 21 walifariki. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka wa 2023, mingi ikiwa ya watoto. Mtu fulani alishika koleo kwa kila kaburi. Baada ya mikasa mikubwa kama hiyo washauri hutumwa, kamera huwepo, na hilo ni jema. Ila ugonjwa mwingi ninaouona mimi hautoki kwenye mikasa yenye jina. Watoka kwenye ajali ndogo ndogo za Jumanne usiku, moja juu ya nyingine, miaka kumi. Mwongozo wa Marekani uliporekebishwa mwaka wa 2013 ulitaja waziwazi kwamba kukutana mara kwa mara na mabaki ya wafu kazini kwatosha kuleta ugonjwa huu. Si lazima bomu lilipuke.

Pombe

Turudi kwa yule anayetazama mlango. Kaunti yetu imeendesha vita vingi dhidi ya pombe haramu na siwalaumu viongozi kwa hilo. Nimeona wanaokufa na wanaopofuka. Lakini mtu mwenye kiwewe hanywi kwa sababu ya anasa. Hunywa ili alale bila ndoto. Na pombe humpa anachotaka kwa saa chache: humlaza haraka na kuzima ndoto za sehemu ya kwanza ya usiku. Karibu na alfajiri nguvu yake inapokwisha, ndoto hurudi kwa wingi, naye huamka akitetemeka saa kumi na kuingia zamu akiwa hajapumzika. Keshoye ataongeza kipimo.

Mwajiri huona harufu ya pombe, huandika barua ya onyo, ya pili, kisha ya kufukuza. Sisemi dereva mlevi aruhusiwe kuendesha ambulensi. Aondolewe kwenye usukani siku hiyo hiyo. Nasema kwamba kabla ya barua ya pili, mtu mmoja amwulize analala saa ngapi na ameona nini mwaka huu. Kumfukuza mzimamoto mwenye ujuzi wa miaka kumi na miwili, ukaajiri mgeni wa kuanza kufunzwa, ni ghali kuliko kumtibu. Halafu huyo aliyefukuzwa yuko nyumbani, bila mshahara, bila wenzake waliomwelewa, na usiku ni ule ule.

Maduka ya dawa nayo yana lao. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepam huuzwa bila cheti cha daktari kwa anayejua kuuliza. Mwaka wa 2013 Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya kuwapa watu dawa hizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kiwewe. Haziponyi kiwewe, na huzoeleka upesi.

Semina ya siku moja haitoshi

Kuna mtindo umeingia. Baada ya ajali kubwa wahusika hukusanywa hotelini, hupewa soda na kalamu, mgeni aliyealikwa huwataka kila mmoja asimulie aliyoyaona, picha hupigwa, na jioni watu hutia sahihi kwenye orodha. Wakubwa hutangaza kwamba wafanyakazi wamepewa ushauri nasaha.

Mimi sipendi mtindo huo, na si chuki. Tafiti za kikao kimoja cha kumlazimisha kila mtu asimulie zimepitiwa tena na tena, na hazikuonyesha kwamba kinazuia ugonjwa huu. Katika baadhi yake waliopitia kikao walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Mtu asiye tayari hufunguliwa kidonda mbele ya bosi wake kisha hupewa nauli ya kurudi nyumbani. Kinachofaa siku za mwanzo ni cha kawaida sana: chakula, usingizi, simu ya kwenda nyumbani, zamu ya kesho kupunguzwa, na mkuu wa kikosi kusema waziwazi kwamba aliyeona haya anaweza kukosa usingizi na hataonekana dhaifu. Anayetaka kusema asikilizwe. Asiyetaka aachwe. Kisha, na hapa ndipo tunaposhindwa, mtu arudi baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu kuuliza. Ugonjwa huu hujionyesha soda zikiwa zimesahauliwa.

Kwa yule ambaye hali haijatulia, tiba ipo. Kuna tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, ambapo mtaalamu humsaidia mgonjwa kulirudia tukio polepole, mahali salama, mpaka kumbukumbu ipate tarehe yake. Aghalabu huchukua vikao vinane hadi kumi na viwili. Kuna nyingine inayotumia miondoko ya macho, nayo ina ushahidi mzuri. Kuna dawa kama sertralini, ambazo si za usingizi wala hazizoelezi kama diazepam, ila huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Mzimamoto wangu wa nyama choma alipata tiba ya mazungumzo. Bado hapendi kukaa upande wa moshi, lakini anakaa.

Wazee wetu wa Agikuyu, kwa njia, walikuwa na mpango. Aliyegusa maiti alihesabiwa kuwa na thahu, na hakurejea kwenye maisha ya kawaida mpaka atakaswe. Sitetei kurudi kwa mambo hayo, na mengine yalikuwa ya kuogofya, hasa kwa mgonjwa aliyetolewa nje akafie huko. Lakini tazama: jamii nzima ilikubali kwamba kugusa kifo humwachia mtu kitu, kwamba kitu hicho si kosa lake, na kwamba kuna siku anayoambiwa rasmi imekwisha, rudi nyumbani. Siku hizi tunamwambia apige saini ya kutoka zamu.

Nani alipe?

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali lake la Nne, inaziachia serikali za kaunti huduma za zimamoto na kukabiliana na mikasa, huduma za ambulensi, na hata nyumba za kuhifadhia maiti. Kwa hiyo watu wengi ninaowazungumzia hapa, isipokuwa polisi na wa mashirika, wako chini ya mwajiri mmoja, naye yuko Kiambu mjini. Hakuna haja ya kutupiana mpira na Nairobi. Jopokazi la kitaifa kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt Njenga yuyo huyo, lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka wa 2022. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Karatasi zinaelekea kuzuri. Kituo cha zimamoto bado hakina chumba cha mtu kuketi na kuzungumza mlango ukiwa umefungwa.

Ninachoomba si kikubwa. Kaunti iajiri washauri wawili au watatu wenye ujuzi wa kiwewe, wazunguke vituo vya zimamoto, ambulensi na mochari kwa zamu, watu wazoee kuwaona hata siku isiyo na ajali. Kila mfanyakazi apewe orodha ya maswali ya usingizi na hofu mara mbili kwa mwaka, kama anavyopimwa presha. Na majibu yasiwekwe kwenye faili ya ajira. Hili la mwisho nalisisitiza kuliko yote. Nimekutana na mtu aliyemweleza mkubwa wake siri yake. Kufikia Ijumaa kikosi kizima kilikuwa kikimwita kwa jina la hospitali ya Mathari, ambayo kila abiria wa Thika huipita kando ya barabara na watu huifanyia mzaha dirishani. Wenzake waliokuwa na tatizo kama lake walijifunza somo, nao wakanyamaza. Kwa polisi jambo ni zito zaidi, kwa sababu anayekiri haoni usingizi huogopa kunyang'anywa bunduki na cheo kwa pamoja. Inafaa silaha iwekwe kando kwa muda, naam, lakini cheo kibaki mahali pake, na iandikwe hivyo.

Kisha kuna fidia. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007 yaeleweka vizuri kidole kinapokatwa na mashine. Mzimamoto akivunjika mguu Thika, fomu hujazwa. Akivunjika usingizi, hajui hata aombe fomu gani. Wabunge wetu na vyama vya wafanyakazi waliangalie hilo. Madaktari nasi tuliandike kwa kalamu: kiwewe kilichotokana na kazi, badala ya uchovu au tumbo.

Waendeshaji bodaboda hawana mwajiri, na hapo sina jibu kamili. Nadhani pa kuanzia ni vyama vyao vya akiba, ambavyo tayari huchangia matanga na matibabu. Mashirika yanayowafunza huduma ya kwanza, na ni jambo zuri wanalofanya, yaongeze saa moja ya kueleza yatakayowajia usiku baada ya kumfunga mtu damu.

Kwa jamaa wa nyumbani: usimlazimishe aeleze. Mwambie umeona halali, na kwamba utakwenda naye kliniki. Msiishi na silaha au dawa za kunyunyizia mimea karibu ikiwa amewahi kusema amechoka na maisha, na maneno hayo msiyachukulie kuwa mzaha. Nambari ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo, na wapo wa kumsikiliza.

Na kwa wakazi wa Thika na Ruiru: mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla yake hufanyika vikao vya wananchi vya kujadili makadirio. Wengi huenda kudai lami na taa za barabarani. Safari ijayo mmoja wenu afungue ukurasa wa zimamoto na ambulensi, aulize mbele ya watu ni shilingi ngapi zimetengewa matibabu ya akili ya wafanyakazi hao, na asikae chini mpaka atajiwe kiasi.